Bahari Waliyoichora Imejaa

Baraza la wilaya ya kwetu liliniita niwanyooshee Kiswahili. Walikuwa na nembo mpya, na kila alama ilitaka sentensi yake: mnazi ni riziki, pweza ni werevu wa wavuvi, buluu ni bahari yetu. Nilitoka Mji Mkongwe asubuhi, nikaketi chini ya pangaboi lao, ngao ya ile nembo ikalazwa mbele yangu.

Nilitafuta mwani. Shangazi yangu, aliyenilea, analima mwani huko pwani, ndio ulionisomesha.

"Mwani uko wapi?" nikamuuliza ofisa.

"Upo," akacheka. "Maji yamejaa tu. Mtunzi mzima, unashindwa kuwaza?"

Mchoraji aliichora pwani maji yakiwa yamejaa, maana ndipo inapopendeza. Yakitoka, kila mtu huona vigingi safu kwa safu, kamba, na wanawake wameinama. Yakijaa, buluu tupu. Na kwetu shamba la baharini halina hati. Vigingi ndio hati: mwenye kuvikuta vimesimama hupita kando.

Niliwasihi wachore maji yametoka. Ofisa alinishukuru kwa adabu nyingi mno. Nilirudi mjini, na kwa wiki kadhaa sikuweza kuandika chochote. Kila nikifumba macho niliona ile buluu, laini, haina mtu.

Baada ya Idi shangazi akanipigia simu. Nilipofika, kibao kilikuwa kimeshasimama mchangani, ngao juu, maandishi chini. Juu ya vichwa vyetu tiara za wageni, zile za kuwavuta juu ya maji, zilivuma bila kukoma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nisomee."

"Si unajua kusoma?"

"Nshasoma. Nnataka nikusikie wewe."

Nikasoma: eneo la michezo ya bahari, vizuizi vyote majini vitaondolewa.

"Haya, tushakuwa vizuizi!" akasema shoga yake, aliyelima kando yake tangu ujana wao. "Pweza kachorwa, wala kura hapigi!"

Wanawake waliokizunguka kibao wakacheka, kisha kicheko kikakatika pamoja, kama kilichozibwa mdomo. Shangazi aliigusa ile buluu. Rangi ilikuwa haijakauka; ikamganda kidoleni, akaifuta kwenye kanga, isitoke.

"Watakuja lini kung'oa?" mmoja akauliza.

Pengine kesho, pengine wakati wa kuvuna. Maji yalikuwa yametoka mbali, na mashamba yote yalikuwa wazi, yanaonekana na kila jicho.

Shangazi akajifunga kanga kiunoni, akaingia hadi kwenye safu yake. Akakishika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili, akakitikisa.

"Shangazi, mwani bado mchanga!"

"Nnajua umri wake," akasema bila kugeuka. "Hivi vyangu hawavishiki wao."

Kigingi kilitoka na tope jeusi. Kisha shoga yake naye akaingia topeni, kuelekea safu zake.