Gauni Jeupe

Fundi wa kukarabati picha za zamani tunayechangia naye chumba huwaomba radhi watu walio pichani. "Samahani, mjomba, nakugusa shavu," husema, huku akiziba ufa wa picha kwenye kompyuta, nami ninayepiga picha za paspoti meza ya pili nimeshamzoea. Chai huinywea mlangoni, mkono mmoja mgongoni, isije ikamwagikia harusi ya watu. Kwenye rangi ana sheria moja: anza na gauni la bibi harusi. Gauni likishakuwa jeupe, nyuso zitakaa sawa zenyewe. Majuzi picha moja ya harusi ilimgomea. Ilikuwa imechakaa, imegeuka nyekundu yote. Gauni akalitakasa likawa jeupe pe, lakini bwana harusi akawa wa bluu kama mtu aliyeopolewa mtoni. Siku mbili nzima fundi alimbembeleza: "Una nini, shemeji?" Bibi harusi mwenyewe, sasa bibi wa mkongojo, alipokuja kuichukua aliitazama, akaguna. "Gauni jeupe ningelitoa wapi mimi? Hili lilikuwa pazia la sebuleni kwetu. La njano!" Fundi alimvutia kiti, akaanza kuurudisha unjano kidogo kidogo, na kila alipouongeza, damu iliwarudia watu usoni: mashangazi, wapambe, mwisho kabisa bwana harusi. Bibi akashika ukingo wa meza. "Hapo hapo," akasema. "Usimguse tena. Huyo ndiye aliyenioa."