Likelemba Isiyoingia Kwenye Mfumo

Nilimwambia bosi wangu zaidi ya mara moja: gunia la maharagwe la kambi ya wakimbizi ya Nakivale halina mwenyewe mmoja. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ng'ombe wa Isingiro wanataga mayai.

Tulikuwa tunajenga tovuti ya kuwaunganisha wakulima wa kambini na wanunuzi wa Mbarara: shule, hoteli, wenye maduka ya jumla. Ofisi ilikuwa chumba kimoja huko Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, juu ya duka la vipuri. Mimi, Mkongomani niliyekulia Nakivale, ndiye niliyeandika programu. Yeye, mwenyeji wa Kamukuzi, mjini hapohapo, ndiye aliyeleta pesa na haraka. Ubaoni alichora majedwali matatu, la wauzaji, la wanunuzi na la bidhaa, kisha akavuta mistari. Kila bidhaa ilipata mstari mmoja tu wa kwenda kwa muuzaji.

"Ssebo, usisumbue hiyo kitu," aliniambia. "Gunia moja, mutu moja, simu moja. Maliza, tuwashe Jumatatu."

Kilichonikera ni kwamba mama yangu na majirani zake wana likelemba ya maharagwe. Kila mavuno, kila mmoja huleta beseni lake, yote yanamiminwa pamoja, na mwenye zamu huuza kwa jina lake na kubaki na mapato. Mavuno yanayofuata ni zamu ya mwingine. Mama ndiye aliyeianzisha, na kwao mwanzilishi hula mwisho, asije akaonekana aliwakusanya watu kwa ajili ya tumbo lake. Zamu yake ilikuwa ya kununua mabati, maana turubai lililo juu ya kitanda chake lilikuwa limechakaa kabisa.

Nilitaka jedwali la nne, la vikundi, likae kati ya wauzaji na bidhaa, ili gunia moja liwe na wenyewe wengi na sifa yake iwafikie wote. Ilikuwa kazi ndogo. Bosi alikataa. Niliandika alichotaka huku nimenuna, kwa sababu mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kodi ya chumba nilichopanga Ruti nilikuwa nalipa mwenyewe.

Tovuti ilipowashwa, zamu ilikuwa ya jirani yetu. Shule moja ya Mbarara ilinunua, ikayasifu maharagwe, ikampa nyota zote. Yalikuwa maharagwe ya kikundi kizima, lakini nyota zilikaa kwenye simu yake. Mavuno yaliyofuata ikawa zamu ya mama. Kwa kuwa hakuwa na nyota, mfumo ulimweka chini kabisa ya orodha, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayeshuka. Majuma yalipita, wadudu wakaanza kutoboa maharagwe.

Alinipigia simu. "Mutoto wangu, mashini yako inasema niko muuzaji mupya. Mimi niko mupya fasi gani? Nilianza kuuzisha maharagi mbele uzaliwe."

"Mama, si mashini. Ni bosi."

"Basi umuambie bosi. Bamama bananiangalia."

Nilimwambia. Akajibu kwamba tutaona toleo lijalo. Nilitamani kumrushia ile kompyuta.

Mwishowe mama alipitisha gunia lake kwenye simu ya jirani, nalo likauzwa siku ileile. Jirani alikata sehemu yake kwa kuwa jina lilikuwa lake, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika likelemba ile, na mabati hayakutosha. Baada ya hapo akina mama wakaulizana: zamu ya nini tena, kama ni mmoja tu anayeonekana na wanunuzi? Hawakugombana. Waliacha tu kukusanyika.

Juzi bosi aliniita kwenye skrini yake, amefurahi. "Unaona? Hapa sasa ni muuzaji moja, anauza mingi. Nilikuambia."

Jina kwenye skrini lilikuwa la jirani yetu. Jirani hununua maharagwe ya wenzake kwa bei anayopanga yeye, na wao humpelekea nyumbani. Mama yangu husimama kwenye foleni mlangoni kwake, beseni kichwani, pamoja na wanawake aliowakusanya mwenyewe.