Mzee na Bakuli la Kisusio

Mume wangu alikuwa na saratani ya tezi, uvimbe wa shingoni uliofikia ukubwa wa yai la kuku. Ilikuwa miaka ile vyama vingi vilipoanza, na mimi nilikuwa na hasira na kila kitu, kuanzia na dripu ya dawa aliyotundikiwa.

Hospitalini Moshi daktari alinieleza. Ndani ya kila seli mna nyuzi mbili zilizosokotana, na seli ikitaka kuzaana, lazima nyuzi ziachane. Dawa inaingia na kuzifunga pamoja, kama miguu ya mbuzi wa kuchinjwa. Seli inavuta, inashindwa, inakufa. Saratani inazaana kwa pupa, kwa hiyo ndiyo inayouawa zaidi. Ila dawa haina macho. Inaua pia mizizi ya nywele, na chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa.

"Asile kitu kibichi," alisema. "Kijidudu kidogo tu kitammaliza."

Baada ya dripu ya pili tulipanda mlimani kurudi nyumbani Old Moshi. Alitapika njia nzima, nyongo tupu, mpaka nikaichukia ile dawa kuliko ugonjwa.

Baba mkwe alipomwona alivyokonda, alichinja beberu. Kwetu aliyeishiwa nguvu hupewa kisusio, mchuzi wa damu ya mbuzi, na mzee alitaka uwe haujaiva, damu bado nyekundu.

"Shikamoo, baba. Tafadhali asinywe. Daktari amekataza."

"Daktari ndiye aliyemmaliza damu. Mimi namrudishia."

Nililipiga kofi bakuli alilomletea. Nusu ya damu ikaruka ukutani. Fimbo yake ikatua mgongoni kwangu, nikamng'ata mkono mpaka akaiachia. Hakujali. Alimkamata mwanawe nywele, akamvuta kichwa nyuma ammiminie iliyobaki.

Nywele zote zikabaki mkononi mwake.

Mzee alitazama ngumi yake.

"Ni dawa imefanya hivi?"

"Ndiyo, baba. Inaua kila kinachoota haraka."

"Na uvimbe je?"

Niliushika mkono ule nilioung'ata, nikaupeleka shingoni kwa mwanawe. Vidole vilipapasa, vikarudi, vikapapasa tena. Pale palipokuwa na yai palibaki kitu kama punje ya harage.

Mzee alilia kwa sauti, mbele yangu mimi mkwewe, bila aibu. Kisha akalitoa bakuli nje, akaimwaga damu migombani.

"Iacheni dawa iue," alisema.