Kilo Tano za Dume la Buswahili

Shule niliishia darasa la saba, lakini kutoka Musoma mpaka Bunda sijaona mwingine aliyeunda mzani wa mifugo kwa mikono yake. Bodi ya umeme wake nilichomelea mwenyewe. Hata draiva, ile programu ndogo inayogeuza namba za sensa, kile kidude kinachohisi uzito, kuwa kilo, niliandika mwenyewe pale Bweri, nikijifunzia kwenye simu. Nilikuwaga naujaribu kwa mifuko ya saruji, kwa mbuzi, na kwa mwili wangu. Haukukosea hata kilo.

Siku ya kwanza mnadani Butiama, mzee mmoja alileta dume la ng'ombe alilolitembeza kwa miguu kutoka Buswahili. Alikuwa analiuza apate mabati ya nyumba ya mama yake. Dume likapanda. Mzani ukasema kilo ishirini na saba.

"Fundi, huyu ni kuku kavaa pembe," mnunuzi aliyekuwa akilitaka akasema. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nilikaa juu ya ndoo, laptop magotini, jua la saa saba kichwani. Kosa nikaliona. Sensa ilileta elfu kumi mia moja na hamsini. Mimi nazidisha kwa saba kwanza, inafika elfu sabini na moja na hamsini, halafu nagawa kwa mia mbili. Sasa kile chumba cha kuwekea jibu hakivuki elfu sitini na tano na kitu. Ikizidi hapo, namba inaanza upya kutoka sifuri. Mbuzi hawezi kukijaza. Dume anaweza.

Nikageuza: gawa kwanza, ndipo uzidishe. Ikaja mia tatu hamsini. Mnunuzi akaridhika, akasema tuandike, lori linamsubiri.

Niliyejua ni mimi tu. Ukigawa kwanza, kinachobaki kinatupwa, na hapo zilikuwa zimetupwa kilo tano za mzee. Ningenyamaza. Nilikuwa nimechoka mpaka macho yanauma. Lakini mzani wangu haudanganyi, nikawaomba wasubiri: kile kinachobaki nikizidishe peke yake, nikigawe, nikijumlishe juu.

Ni mistari miwili tu. Vidole vilikosea mara tatu. Mzani ulipoandika mia tatu hamsini na tano, mnunuzi alikuwa ameshapakia dume la mtu mwingine, ameondoka.

"Fundi," mzee akasema taratibu, "sasa kilo ninazo, mnunuzi sina."

Akauliza kama mnada ujao nitakuwepo. Nikasema nitakuwepo. Akashika kamba, akalishusha dume, wakaanza kurudi Buswahili.