Imla ya Jumamosi, Kigali

Jenifer Luhende ana miaka ishirini na tisa, na minne ya mwisho ameimaliza akiwa mwalimu asiye na darasa. Shahada yake ya ualimu, somo la Kiswahili, imo ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati la mama yake, kijijini Dutwa. Ameomba ajira mara tano. Msimu wa pamba anachuma pamba. Ukiisha, anawafundisha tuisheni watoto kumi na wawili wa majirani, wakiwa wamekaa kwenye magunia barazani. Njia ya kwenda shambani kwao inapita karibu na dirisha la darasa lenye watoto tisini na mwalimu mmoja. Jenifer hupita hapo kila asubuhi na jembe begani, na hasemi kitu. Sisi tunaomfahamu ndio tunaosema, tena kwa sauti, na darasa lile bado lina mwalimu mmoja.

Chuo kilimpa mengi, ila hakikummalizia jambo moja, nalo ni herufi r. Kisukuma, lugha ya kwao, hakina r. Mtoto wa Dutwa hukua akisema habali, balabala na lafiki, na hakuna wa kumcheka kwa sababu anayemsikia husema hivyo hivyo. Chuoni walikuwepo wa kucheka. Walimwita Mwalimu Laha. Jenifer alikaa mbele ya kioo cha bweni wiki nyingi akiutetemesha ulimi mpaka r ikatoka, safi kabisa. Lakini akichoka, au akifurahi, humtoroka, na yeye hugundua baadaye, kama mtu aliyefika kanisani ndipo akaona amevaa kandambili.

Mwaka huu mwezi wa tisa alipigiwa simu na Joyness, rafiki yake wa chuo ambaye aliacha kusubiri ajira akafungua duka la mchele Kahama.

"Kuna mama mmoja wa Kigali ananunua mchele kwangu," Joyness alisema. "Ana shule yake ndogo, ya awali na msingi. Anatafuta mwalimu wa Kiswahili. Wazazi wanataka Kiswahili cha Tanzania. Wewe bado ni Mtanzania?"

"Mpaka jana nilikuwa."

"Basi panda basi."

Makubaliano yalikuwa mepesi. Jenifer angekaa nyumbani kwa mama huyo, Eufrasia, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri. Angemfundisha binti wa nyumba hiyo, Keza, wa miaka tisa. Jumapili mchana angeambiwa ndiyo au hapana, na kama ni ndiyo, angeanza kazi Januari.

Baba yake, Mzee Luhende, alimsindikiza hadi kituo cha basi akisukuma baiskeli iliyobeba begi. "Kiswahili chenyewe sisi tumekiazima," alisema. "Sasa wewe unakwenda kukikopesha?"

"Nakwenda kukikopesha, baba."

"Haya. Uwaambie kilitoka kizima."

Alilala Kahama kwa Joyness, akavuka mpaka Rusumo na hati ya dharura ya kusafiria, na Ijumaa jioni basi likaingia Kigali. Eufrasia alikuwa stendi, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, mwepesi wa kutembea. Jenifer alikunja magoti na kuinama, kama mwanamke wa Kisukuma anavyomsalimia aliyemzidi umri. Eufrasia alikuwa ameshatanua mikono kumkumbatia, kama wanavyosalimiana kwao, na kidevu chake kikaugonga utosi wa mgeni.

"Pore, mwarimu. Pore sana."

"Siyo kitu, mama. Kichwa ni kigumu."

Jenifer aliisikia ile pore, akaitunza. Kabla hawajafika nyumbani, mtaa wa Kimironko, alikuwa ameshasikia karamu ambayo ni kalamu, na kurara ambako ni kulala. Eufrasia alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kununua mchele Kahama, na alikiongea haraka, bila woga. Kwao l na r ni sauti moja, na mara nyingi ulimi wao huchagua r. Kwa Wasukuma ulimi huchagua l. Jenifer, akiwa nyuma ya pikipiki na kofia ngumu kichwani, ambayo abiria kule hana ruhusa ya kuikataa, aliwaza kwamba kama Dutwa na Kigali wangebadilishana makosa yao, kila upande ungepona.

Nyumba ilikuwa mteremkoni, na ngazi za saruji kutoka barabarani. Mume wa Eufrasia alikuwa safarini na lori. Chakula kilikuwa viazi, maharage, na majani ya muhogo yaliyotwangwa, ambayo wao huyaita isombe.

"Hii kwetu ni kisamvu," Jenifer alisema.

"Basi uko kwenu. Kura." Alikuwa na maana ya kula, na Jenifer akala.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Kule, asubuhi ya Jumamosi kama hiyo, mtaa mzima hutoka na majembe na mafagio kufanya kazi ya pamoja, na magari hayatembei. Eufrasia alimwambia mgeni apumzike. Jenifer aliomba jembe.

Kazi ilikuwa kuzibua mtaro na kufyeka kingo zake. Majirani walilima kama watu wa ofisini, kwa adabu na kwa vituo. Jenifer aliinama, na hakuinuka mpaka kipande chake kilipokwisha; akahamia cha jirani. Mzee mmoja aliyekuwa akimtazama aliuliza jambo kwa Kinyarwanda, watu wakacheka.

"Anauriza kama shahada yako ni ya jembe," Eufrasia alitafsiri.

"Mwambie hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili ndiyo ya kalatasi."

Alilisikia neno hilo likiwa limeshatoka. Hakuna aliyegeuka. Jenifer alifurahi siku hiyo kuliko alivyofurahi kwa miezi mingi. Ndiyo ilikuwa hatari yenyewe.

Mchana, mikono ikiwa bado inawaka, alimweka Keza mezani kwa imla. Mtoto alikuwa na daftari jipya na kalamu aliyoishika kwa nguvu kama atanyang'anywa. Jenifer alisoma sentensi tano, moja moja, huku akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Dada anarudi kulala. Barabara yetu ni safi. Kuku watatu wamekula mtama. Nyingine mbili, moja ilikuwa ya rafiki anayelima shamba, moja ya mvua. Keza aliandika akitoa ulimi nje.

Jenifer alisahihisha huku mtoto akichungulia begani. Kulala imeandikwa kurara. Wamekula imeandikwa wamekura. Analima imekuwa anarima. Hayo aliyategemea. Lakini anarudi ilikuwa sawa, barabara sawa, rafiki sawa, kila r mahali pake. Aliweka alama za vyema, moja moja, na alipofika ya tatu mkono ukasimama.

Alijirudia sentensi kimoyomoyo kama alivyokuwa amezisoma. Alijua mdomo wake ulivyokuwa saa ile, umelegea, una furaha. Alisema balabala. Alisema analudi. Mtoto alisikia l na kuandika r kwa sababu kwake ni kitu kimoja. Yale yote aliyoyapatia hayakutoka kwa mwalimu wake.

"Mwarimu, nimefauru?" Keza aliuliza.

"Umejitahidi."

Daftari lilibaki mezani usiku kucha. Jenifer hakumwambia mtu.

Jumapili, walipotoka misani, alikuja mjomba wa Keza, kaka yake Eufrasia. Alifanya kazi ya forodha Tanga miaka kumi na minne, na watu wa huko walimwita Marcelo mpaka hata dada yake akaacha kumwita Marcel. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, na alikipenda kama watu wengine wanavyopenda gari lao.

"Shikamoo inakwenda kwa nani hapa, mimi au wewe?" alimuuliza Jenifer.

"Shikamoo, kaka. Umenizidi."

"Marahaba, bibie. Kwenu wapi?"

"Simiyu."

"Ile ya pamba na ng'ombe? Huko Kiswahili kimefika?"

"Kinakuja na basi la mchana," Jenifer alisema. Alikuwa makini, akichagua maneno yasiyo na r.

Marcelo alicheka, akavuta daftari lililokuwa mezani, akasoma imla kwa sauti kama hakimu anayesoma hati ya mashtaka. Halafu akamgeukia dada yake.

"Lala na kula zinamshinda, hiyo ni kawaida yetu. Lakini tazama. Barabara, anarudi, rafiki. Zote safi. Siku moja tu hii?"

"Siku moja," Eufrasia alisema, na uso wake ukafunguka. "Nirimwambia Joyness anirete mtu wa kweri. Mwarimu, mimi nafikiri jibu unarijua."

Ilikuwa mchana wa Jumapili, saa waliyokubaliana. Jenifer alihitaji tu kuinamisha kichwa na kusema asante.

"Mama," alisema, "mtoto aliandika barabara. Mimi nilisema balabala."

Eufrasia alimtazama bila kuelewa, kwa sababu sikio lake halikuona tofauti. Marcelo aliona. Aliliweka daftari chini.

"Rudia."

"Nilisema balabala. Na analudi. Na lafiki. Nikichoka r hunitoka, lugha yangu ya nyumbani haina. Keza alipatia kwa sababu ninyi hamna l. Mimi sikumfundisha chochote jana. Alikosea palepale ambapo nilisema sawa, na akapatia palepale nilipokosea."

Keza alimtazama mama yake, kisha mjomba, akitaka kujua kama vyema vyake bado ni vyake.

"Basi hapo hakuna mwalimu," Marcelo alisema. Hakusema kwa ubaya. "Dada, wazazi wanataka Kiswahili cha Tanzania. Ukiwaletea huyu watamcheka."

"Watamcheka vipi, na wao hawasikii?"

"Mimi ninasikia."

"Wewe huna mtoto shureni kwangu." Eufrasia alimgeukia Jenifer. Alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, ila kama anayepima gunia kwa macho. "Wewe urijuaje kwamba urikosea, kama mtoto ameandika sawa?"

"Nilijua jana, nilipokuwa nasahihisha. Nilihesabu alikosea wapi na alipatia wapi."

"Warimu wawiri wamepita kwangu. Wa Dar es Salaam wote, r zao kama pikipiki. Mwaka mzima watoto wanaandika kurara, na wao wanaweka kosa jekundu, basi. Hakuna ariyeniambia kwa nini." Alilisogeza daftari kwa Keza. "Nakutaka Januari. Ukitaka."

Jenifer aliinamisha kichwa. Marcelo alidhani ni machozi, akatazama dirishani kwa heshima, lakini Jenifer alikuwa anapanga maneno, na aliyapanga polepole ili kila moja litoke lilivyo.

"Nataka. Ila sharti moja. Kila Ijumaa imla isisomwe na mimi. Isomwe na mtu ambaye r yake na l yake hazigombani. Mimi nitakaa dawati la nyuma na watoto, na nitaandika."

"Mwalimu akae na watoto?" Marcelo aliuliza. "Na akikosa?"

"Atawekewa kosa, kama wao."

Eufrasia alicheka kwa mara ya kwanza tangu misa. Kisha akamtazama kaka yake, na akaendelea kumtazama.

"Marcelo, Ijumaa una kazi?"

"Nina kazi."

"Sasa unazo mbiri," alisema, akaenda jikoni kupakua.