Mama Patasi na Rangi ya Mkwe

Mama Patasi hakuwa na ugomvi na bahari. Ugomvi wake ulikuwa na mkwe. Utu uzima wake wote aliumalizia chini ya matumbo ya vyombo, pale chelezoni vinapopandishwa nchi kavu, akikwangua kwa patasi wale wadudu wa magamba makali wanaojibandika ubavuni mpaka chombo kinatembea kama mjamzito wa mapacha. Kwa patasi hiyo alimsomesha bintiye. Bintiye, kwa shukrani, akaenda kuolewa na mtu anayefuga bakteria.

Mkwe alikuwa mtafiti wa chuo, mpole, shati limechomekewa hata Jumapili. Aligundua kwamba kuna mwani usioshikwa na magamba kamwe, kwa sababu bakteria wanaoishi juu yake hutoa kitu fulani. Watoto wa wale wadudu, wakija kutafuta pa kujibandika, wakikionja tu wanahama. Akakikamua kitu hicho, akakichanganya na rangi. Halafu, kati ya maji yote duniani, akaja kuning'iniza mbao zake za majaribio chelezoni kwa mama mkwe: mmoja umepakwa, mmoja haukupakwa.

"Kwa hiyo, mwanangu," Mama Patasi alimwuliza kwa upole wa kuogofya, "hao vijidudu wako wakifaulu, mimi nitakwangua nini? Sufuria?"

Mkwe akacheka, akidhani ni utani. Wasomi hao.

Miezi ikapita. Ubao mtupu ukaota magamba kama kidevu cha mlevi. Uliopakwa ukabaki laini, una utando kidogo tu wa kijani. Ikatangazwa kwamba wakubwa wa bandari watakuja kutazama. Wakiridhika, rangi itapakwa kwenye kivuko. Na kivuko ndicho kilichokuwa mteja mkubwa wa Mama Patasi. Kikimponyoka hicho, angebaki na vimashua vya kumaliza kabla chai haijapoa.

Asubuhi ya ugeni aliwahi kabla mlinzi hajamaliza miayo, kopo la gundi kwapani. Akazivuta mbao kutoka majini, akabandua magamba ya ubao mtupu, akayahamishia kwenye uliopakwa. Mpango ulikuwa mzuri. Kilichomponza ni mazoea. Mkono ulikataa kabisa kubandika kitu juu ya uchafu, akausugua ubao kwanza mpaka ukang'aa. Tena hakuweza kubandika ovyo. Akapanga mistari, kubwa kwa kubwa, dogo kwa dogo, yamenyooka kama vifungo vya koti. Akarudi nyuma hatua, akaitazama kazi yake, akaipenda, akazirudisha mbao majini.

Wakubwa wakafika, mbao zikavutwa. Ubao mtupu ulikuwa na upara. Uliopakwa umevaa sare. Mkwe akageuka rangi ya majivu. Lakini kiongozi wa msafara alikuja na hotuba ya kusifu, na hakuona sababu ya kuitupa. Akasifu. Akasema rangi hii inawavutia viumbe wa baharini na kuwafundisha nidhamu, wasaidizi wakaandika. Kisha akagusa gamba moja. Likaja na kidole chake, likivuta uzi mrefu wa gundi.

Macho yote yakamgeukia mkwe. Kiongozi akamwuliza kama huo ndio utafiti wanaofundishwa siku hizi. Mkwe alikuwa ameshaona kidole gumba cha Mama Patasi kimegandana na kidole cha jirani kwa gundi. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Ukimya ule ndio uliomshinda Mama Patasi. Angesutwa, angejibu.

"Ni mimi," akasema. "Mwacheni mkwe wangu. Ubao wake ulikuwa safi kama sahani. Ungekuwa na magamba yake wenyewe, mimi ningehangaika na gundi ya nini?"

Kiongozi akatafakari, akaona hotuba bado inafaa ikigeuzwa kidogo.

Kivuko kikapakwa, ila ubavu mmoja tu. Mkwe alishikilia kwamba wa pili uachwe mtupu ili pawe na cha kulinganisha, na asiuguse mtu mpaka aseme yeye. Msimamizi? Akampendekeza mama mkwe. Mkewe alipomwuliza sababu, akajibu kwamba ni heshima.

Sasa kivuko kikipanda chelezoni, ubavu mmoja unateleza, mwingine umejaa magamba ya kila umri. Mama Patasi huketi mbele yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameikalia mikono yake.

"Shikamoo, mama," mkwe humwamkia. "Hujagusa?"

"Marahaba. Sijagusa. Lakini lile pale, mwanangu, limekaa upande. Niruhusu hilo moja tu."