Mtumbwi Wangu na Beseni la Mwalimu

Leo nimeaibishwa na beseni, mimi fundi wa mitumbwi ninayejulikana Ujiji nzima.

Mjukuu wangu Zawadi yuko darasa la pili. Mwalimu aliagiza kila mtoto atengeneze na mtu wa nyumbani kitu cha kuelea kinachobeba maharage, kije kijaribiwe darasani mbele ya wazazi.

Nikachonga mtumbwi mdogo wa mti wa mvule. Wazazi wote wakaushangaa.

Ukawekwa majini, kwenye beseni la mwalimu. Ukapinduka, maharage yote chini.

Mwalimu, binti mdogo tu, akaniuliza, "Mzee, hapa Zawadi alichonga wapi?"

Mtoto akadakia, "Babu alinikataza kugusa."

Darasa zima likacheka. Nikamwambia mwalimu mtumbwi wangu unataka ziwa, beseni ni la kuogeshea watoto.

Zawadi akatoa kwenye mkoba kopo tupu la mafuta ya kujipaka, akaliweka kwenye beseni. Likaelea na maharage yake. Wakampigia makofi, hata mama yake, mwanangu wa kumzaa.

Nina hasira mpaka sasa. Nyinyi mnaonijua semeni, fundi anapimwa kwa beseni?

Kesho nauteremsha ziwani, pale Bangwe. Zawadi amesema atakuja, ila na kopo lake.